Wafu Wanaongojewa katika Baridi

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja, nasi hatuwezi tena kulipita. Vijana wa parokia zetu hapa Lubumbashi, wa Katuba, wa Kamalondo na wa Kampemba, wameona katika simu zao habari za nyumba fulani huko Marekani ambamo wafu hawazikwi. Hutiwa katika baridi kali mno, wangojee humo mpaka siku madaktari watakapopata dawa ya kuwaamsha. Vijana wauliza: Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni dhambi? Na siku mmoja wao akiamka, sisi tunaokiri kila Dominika ufufuko wa wafu tutasema nini?

Wazee wengine, wakisikia habari hii, hucheka na kusema kwamba wenye fedha nyingi hukosa la kufanya. Sisi hatucheki. Mtu anayeogopa kufa hachekwi. Tena katika mji wetu pia wako wafu wanaongoja katika baridi, na ni wachache kati ya wasomaji wetu ambao hawajasimama hata siku moja mbele ya mlango wa chumba kile cha hospitali, wakingoja ufunguliwe. Habari ya chumba hicho tutaifikia.

Yafaa kujua kwanza kazi ya Wamarekani hao ilivyo, maana mengi yanayosemwa juu yake ni hadithi tupu. Nyumba zilizo mashuhuri ni mbili. Ya kwanza yaitwa Alcor. Ilianzishwa California mwaka 1972, na tangu 1994 iko Scottsdale, katika nchi kavu ya Arizona. Ya pili ni Cryonics Institute ya jimbo la Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1976. Kila moja inalinda watu zaidi ya 200. Aliyeianzisha hiyo ya pili, Robert Ettinger, alikuwa mwalimu wa fizikia. Alijeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye akaandika kitabu, kilichotolewa kwa watu wote mwaka 1964, akisema kwamba anayeitwa mfu leo huenda ni mgonjwa tu ambaye dawa yake haijapatikana.

Mwanachama wa nyumba kama hizo huvaa bangili au mkufu ulioandikwa aitwe nani na afanyiwe nini siku ya kufa. Akiwa mahututi, watumishi wa Alcor huja na vyombo vyao na barafu yao, wakakaa karibu. Hawamgusi. Sheria haiwapi ruhusa mpaka daktari aseme: Amekufa. Na daktari akisha kusema neno hilo, papo hapo wao huanza kumshughulikia kana kwamba hajafa. Humlaza katika barafu, hutumia mashine ya kukandamiza kifua ili damu izidi kutembea, humtia dawa za kuzuia damu isigande. Halafu damu hutolewa, na mahali pake hupitishwa maji ya dawa.

Dawa hiyo ni ya kupigana na barafu yenyewe, ambayo ndiyo adui wao mkubwa. Mama yeyote aliyewahi kusahau nyanya mahali pa kugandishia nyama ajua inavyokuwa ikitolewa: ngozi ipo, ndani ni uji. Maji yakiganda hupasua kila kitu kilichomo. Kwa hiyo wataalamu hao hujaza mwili dawa ambayo ikipoa hugeuka kuwa ngumu kama kioo bila kufanya barafu. Mwili hupozwa pole pole kwa siku kadhaa, mpaka digrii 196 chini ya sifuri. Mwisho hutiwa katika pipa la chuma refu kuliko mtu, lenye kuta mbili na utupu katikati, kwa mfano wa termosi ya chai. Kichwa huwekwa chini na miguu juu, ili kama umajimaji wa baridi ukipungua, kichwa kiwe cha mwisho kuukosa.

Msomaji wa Lubumbashi, aliyezoea kuwasha mshumaa, atashangaa kusikia kwamba mapipa hayo hayahitaji umeme. Kinacholinda ni nitrojeni. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, nayo ikipozwa sana hugeuka kuwa maji. Lakini maji hayo huchemka kidogo kidogo na kurudi hewani, basi hayana budi kuongezwa. Lori huja kujaza tangi. Mtumishi hupita pipa kwa pipa, hupima kina, huandika, huongeza. Ndiyo kazi yao ya siku zote, wala hakuna ajabu ndani yake. Krismasi, siku ya dhoruba, miezi ile ya Covid ya mwaka 2020 watu walipofungiwa nyumbani, nitrojeni ilizidi kuruka hewani, na ilibidi mtu aje. Wengine wako ofisini, wakipokea malipo na kuandikiana na jamaa. Na katika barua zao hawasemi maiti. Husema mgonjwa.

Si wote wanaolindwa mwili mzima. Kwa miaka hii ya karibuni Alcor imetaka dola 220,000 kwa mwili mzima na dola 80,000 kwa kichwa peke yake. Michigan hutaka dola 28,000. Wengi hulipa kwa bima ya maisha. Neno hilo la kichwa peke yake lina uchungu kwetu watu wa Katanga. Mwaka 1884, karibu na Mpala kwenye ziwa Tanganyika, watu wa afisa Mbelgiji Emile Storms walimwua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka uliofuata Mapadri Weupe wakaipokea Mpala, ikawa misioni. Twajua kwamba yule wa Scottsdale ametaka mwenyewe, na Lusinga alinyang'anywa. Hata hivyo mtu wa huku akisikia bei ya kichwa hawezi kusikia kama asikiavyo mtu wa Arizona.

Tukija kwenye hoja yao, si ya kipumbavu. Wasema: zamani moyo ukisimama, mambo yalikwisha; leo moyo husimama hospitalini na daktari huurudisha. Basi mpaka wa kifo umesogea, nao waweza kusogea tena. Mwezi wa Mei 1999, huko Norway, daktari mmoja mwanamke alianguka kijitoni akanaswa chini ya barafu. Moyo wake ulisimama, na mwili wake ukashuka hata digrii 13.7. Wenzake wa hospitali ya Tromsø walimpasha moto, akarudi, hata akaanza tena kazi. Baridi iliyomwua ndiyo iliyomlinda. Mbegu za ng'ombe hulindwa katika nitrojeni ileile miaka mingi. Mwaka 2023 wataalamu wa Minnesota walieleza jinsi walivyolinda figo za panya katika baridi hiyo muda wa siku hata 100, wakazipasha moto, wakazipandikiza katika panya wengine, zikafanya kazi. Lakini panya mzima hakuna aliyemrudisha kutoka baridi hiyo, sembuse mtu. Katika mapipa yote hayo hajaamka hata mmoja.

Wako watakaosema: Hiyo ni dhambi, wanashindana na Mungu. Sisi hatuoni hivyo. Lazaro alikaa kaburini siku nne, Bwana Yezu akamwita akatoka. Na baadaye alikufa tena kama watu wote. Mtu akiamshwa na madaktari baada ya miaka 200 atakuwa ameponywa, hatakuwa amefufuka. Atashikwa na mafua, atalipa kodi, atazeeka, na siku moja atakufa. Uzima tunaoungoja sisi hauna mafua wala kodi, wala hautoki katika pipa. Imani yetu haina sababu ya kuiogopa nitrojeni. Wala si kweli kwamba Kanisa hukataza kabisa kuugusa mwili wa marehemu: mtu aweza kuutoa mwili wake kwa masomo ya udaktari, na viungo vyake kwa mgonjwa. Papa Pius XII, akisema na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alikiri kwamba kutambua saa ya kifo ni kazi ya daktari. Siku hiyohiyo alifundisha kwamba hakuna anayelazimika kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha maisha. Basi anayekataa pipa hajapungukiwa na neno, na anayelitaka hatuwezi kumwita mpagani kwa sababu hiyo tu.

(Kwa wenye kupenda mafumbo: Bwana Ettinger alimweka katika baridi mama yake mwaka 1977, kisha mke wake wa kwanza, kisha mke wake wa pili, na yeye mwenyewe alipokufa mwaka 2011 akafuata. Kanisa hufundisha kwamba kifo huvunja kifungo cha ndoa. Siku hao watatu wakiamka pamoja, wajuzi wa sheria watakuwa na kazi kubwa kuliko madaktari.)

Basi shida iko wapi? Sisi twaiona katika ahadi. Anayelala ndani ya pipa hakutegemea baridi. Ametegemea mtu wa kuongeza nitrojeni. Amewaomba watu wamwangalie, si juma moja wala mwaka mmoja, bali mpaka siku isiyojulikana. Waliomwahidi watakufa. Watoto wao watakufa. Wale ambao mwishoni watamwamsha au watamwacha hawajazaliwa, wala hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Jambo hilo limekwisha kuonekana. Mtu wa kwanza kutiwa katika baridi kwa nia hiyo, James Bedford, mwalimu wa saikolojia, alikufa California tarehe 12 Januari 1967. Yupo mpaka leo, huko Alcor, na sababu ya kuwapo ni kwamba kwa miaka mingi jamaa zake hawakuchoka naye. Waliomfuata hawakuwa na bahati hiyo. Robert Nelson, fundi wa televisheni aliyekuwa mkuu wa chama cha California siku zile, alipokea maiti kadhaa akaziweka katika chumba cha chini ya ardhi kwenye makaburi ya Chatsworth, upande wa Los Angeles. Jamaa walitakiwa kuendelea kutoa gharama. Huzuni ilipopungua, malipo nayo yakapungua. Nelson akajazia kwa fedha yake mwenyewe, mpaka akashindwa. Na aliposhindwa hakusema. Mwaka 1979 ikajulikana kwamba watu tisa waliokuwa humo walikuwa wameyeyuka na kuoza zamani. Jamaa wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 1981.

Twasoma habari ya mtu huyu kwa masikitiko kuliko kwa hasira. Yaonekana kwetu ni mtu aliyeitika ndiyo kwa kila aliyelia mbele yake, bila kupiga hesabu. Watu wa namna hiyo wako katika kila parokia, na mara nyingi ndio wapole kuliko wote.

Nyumba za leo zimejifunza. Hutaka malipo yote mbele, huweka sehemu yake akiba, na faida ya akiba hununua nitrojeni. Ni busara. Lakini fedha haina mikono. Katika kila kizazi hapana budi apatikane mtu wa kuamka asubuhi na kusema: Leo nitawaangalia watu nisiowajua, ambao hawawezi kunishukuru wala kunishtaki. Uaminifu huo twaustahi sana, hata ukiwa wa mtu asiyesali. Hata hivyo tazameni tofauti. Kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma, nayo kama matendo mengine ina mwisho wake: mwenye njaa amekula, mgonjwa ameangaliwa, marehemu amezikwa na majembe yamerudi nyumbani. Kazi ya mapipa haina jioni. Mtu aweza kujitwika mwenyewe kazi isiyo na jioni, kama mtawa anavyojitoa kwa nadhiri. Kumtwika mwingine asiyezaliwa, kwa ajili ya maisha yetu sisi, twaona ni kuomba kitu kisicho haki yetu.

Sasa turudi Lubumbashi, kwenye mlango ule tulioutaja.

Mtu amekufa hospitalini, mwili umepelekwa frigo. Kilio kimekaa nyumbani: turubai imefungwa, viti vimekodiwa, wanaume wako nje karibu na moto, wanawake wamejaa ndani juu ya mikeka. Na mazishi yangoja. Yangoja kaka aliye Ubelgiji apate tikiti ya ndege. Yangoja mjomba wa Mbuji-Mayi, maana bila yeye hakuna mwenye neno. Yangoja fedha ya sanduku. Yangoja upande wa mume na upande wa mke wasikilizane. Kila siku frigo ina bei yake. Umeme hukatika. Walinzi wa maiti huongeza formoli, na watu wote hujua kinachotokea mle ndani ingawa hakuna anayetamka.

Hatusemi kwamba kungoja ni kubaya. Zamani kijijini siku moja au mbili zilitosha, kwa kuwa ndugu wote walikuwa mwendo wa miguu. Leo ukoo mmoja umetawanyika toka Kasumbalesa hata Brussels, na frigo imewapa nafasi ya kukutana. Binti anayesafiri usiku na mchana ili aone uso wa baba yake, haki yake ni kubwa, na siku tano si nyingi kwake. Lakini yatupasa kuuliza kila mara ni nani anayengojewa. Majuma matatu yakipita kwa sababu ndugu za marehemu wanataka kwanza hati za nyumba, na mjane hataki kuzitoa, hapo hakuna tena anayengojewa. Maiti imekuwa rehani. Vivyo hivyo ziko hospitali zinazoshika mwili wa marehemu kwa sababu ya deni. Deni ni deni, twakubali. Lakini anayeshika maiti hamtozi marehemu. Awatoza walio hai, na chombo chake cha kutozea ni uchungu wao.

Wala si maskini tu wanaofikwa na hayo. Huko Kenya, wakili S. M. Otieno alikufa tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wake wakashtakiana juu ya mahali pa kumzika. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi mitano. Kwetu Kongo, Étienne Tshisekedi alikufa Brussels tarehe 1 Februari 2017. Serikali ya siku zile na watu wake hawakusikilizana juu ya kurudi kwake na mazishi yake. Mwili wake ukangoja ugenini miaka miwili na zaidi, hata mwanawe akawa rais, ndipo akazikwa Nsele tarehe 1 Juni 2019. Kila upande ulikuwa na sababu zake. Marehemu peke yake ndiye hakuwa na la kusema.

Na liko neno zito zaidi, ambalo twalisema kwa huzuni kwa sababu tumeliona katika familia za Kikristu. Mgonjwa alilala majuma akingoja fedha ya upasuaji. Ukoo ulikutana, ukasema hakuna. Akafa. Katika siku tatu zikapatikana fedha za frigo, za sanduku lenye vishikio vya kung'aa, za magari, za vitambaa vya sare, za vinywaji. Zilikuwa wapi? Hakuna aliyezificha. Kila mmoja alikuwa nazo kidogo kidogo. Lakini kilioni kuna daftari: jina lako huandikwa na ulichotoa, na watu husoma. Kando ya kitanda cha mgonjwa hakuna daftari. Mmarekani yule wa pipa, tukimcheka, walau yeye amelipa mwenyewe, tena angali mzima.

Mtu atatuuliza: Je, mwasema basi kwamba mwili wa marehemu si kitu? La, hata kidogo. Mtakatifu Agustino, karibu na mwaka 421, aliulizwa jambo la namna hii na Paulino, askofu wa Nola. Alimjibu kwamba fahari ya mazishi huwafariji walio hai kuliko inavyowafaa wafu. Lakini hata hivyo mwili usitupwe ovyo, kwani roho iliutumia kwa kila tendo jema. Na Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi na Wabaluba, katika kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu kilichotolewa hapa mjini mwaka 1945, ulipoitwa bado Elisabethville, alieleza kwamba kwa watu wetu marehemu hakatwi na ukoo. Yeye na walio hai wazidi kugusana. Hatukubali kila neno la kitabu kile, lakini hilo kila mmoja wetu alijua kabla ya kusoma.

Tena mji huu umeona kwa macho yake jinsi mwili ulivyo na maana. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa si mbali na hapa. Baadaye polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alipewa kazi ya kuiondoa miili yao isionekane tena. Aliikata akaiyeyusha kwa asidi, na jino la Lumumba akalichukua kwake Ulaya. Mwaka 2016 sheria ya Ubelgiji ililitwaa katika nyumba ya jamaa yake. Mwaka 2020 binti wa Lumumba alimwandikia mfalme wa Wabelgiji akiomba warudishiwe. Tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa, likapitishwa katika nchi ndani ya sanduku la mtu mzima, likafika hata Shilatembo, mahali pa kuuawa kwake, na tarehe 30 Juni likawekwa Kinshasa. Watoto walioachwa wadogo walisimama pale wakiwa wazee. Miaka 61 walikuwa wamengoja jino moja. Hawakungoja baba aamke. Walingoja wapate cha kuzika.

Kwa hiyo tukiulizwa na vijana, jibu letu ni hili. Atakayetiwa katika pipa kwa mapenzi yake, kwa fedha yake, bila kumnyang'anya mkewe wala watoto wake, hatutasema ametenda dhambi. Tutasema ameomba kwa watu kitu kisicho na mwisho. Wala tusijione bora kuliko yeye mpaka tumemtoa kwenye frigo yule tunayemshika kwa sababu ya hati za nyumba. Mwili apewe udongo kwa wakati wake, roho apewe sala na Misa, na mjane aachiwe nyumba yake.

Tulidhani tumemaliza, lakini kijana mmoja akauliza: Na kama ni mtoto?

Ni kweli, alikuwako mtoto. Mwaka 2016 huko Uingereza msichana wa miaka 14 alikuwa anakufa kwa saratani. Alisoma habari za mapipa, akataka. Mama alikubali, baba alikataa. Walikuwa wameachana zamani, na baba hakuwa amemwona miaka mingi. Msichana akamwandikia hakimu barua, akieleza kwamba hataki kufa, na kwamba hii ndiyo njia pekee aliyoiona. Hakimu Peter Jackson alikwenda hospitalini kumtazama. Hakuamua kama pipa ni jema au baya. Aliamua tu kwamba neno la mama juu ya mwili wa binti wake lishike. Gharama ilikuwa paundi 37,000. Msichana alikufa mwezi wa Oktoba, akapelekwa Michigan.

Mbele ya barua ile hatuna hoja. Sisi tulio wazee tumepewa miaka, nasi twawafundisha wengine kukubali kifo. Yeye alipewa 14. Kama tungalikuwa mahali pa mama yule, hatujui ni nani kati yetu angalimnyima. Lakini lile lililomsumbua baba hatuwezi kulisahau pia, ingawa wengi walimwona mtu mgumu. Alisema kwa maana hii: hata wakifaulu, hata akiamka baada ya miaka 200, huenda hatapata jamaa hata mmoja, wala hatakumbuka mambo, naye atakuwa bado na miaka 14, peke yake, katika Marekani.

Huku kwetu mgeni akishuka gari-moshi, neno la kwanza huulizwa: Wewe ni mtoto wa nani? Juma hili nako, huko Michigan, mtu atapita kando ya mapipa, atapima kina, ataandika, ataongeza. Msichana yule hakumjua.